Karatasi Namba Arobaini

Kristiansund, 2 Aprili 1996

Mdogo wangu Eilif,

Pokea salamu zangu kutoka huku mjini, ambako theluji bado haijaamua kuondoka. Kifua kinaendeleaje? Binti yako Ragnhild ameniambia kwa simu kwamba unakohoa mpaka unashika meza, na ukitajiwa daktari unanuna. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamikia ngazi za chuo.

Hapa chuoni ni pilikapilika tupu za kutimiza miaka sitini na mitano. Mkuu wa chuo ni Hallvard Sandvik, yule yule uliyesoma naye, wa jina moja nasi bila undugu, kwa kuwa babu zetu walitoka shamba moja lenye jina hilo. Amenipa kazi ya kuandika kitabu cha historia. Nimeeleza jinsi chuo kilivyoanzia juu ya ghala la samaki wakavu, wanafunzi kumi na tisa wakijifunza biashara huku makoti yao yakinuka chewa. Nikaeleza kozi ya makatibu ya mwaka mmoja iliyonitoa mimi, masomo ya jioni baada ya vita, shahada ya biashara, na sasa hii ya uzamili ya usafirishaji wa baharini, inayofundishwa kwa Kiingereza. Hallvard alisoma akacheka, akasema, "Torbjørg, mbona kama tangazo la msiba? Tia chumvi kidogo, bibie!" Nilimwambia chumvi yote ilibaki ghalani.

Lakini nilipofika mwaka 1968, kalamu ilinigomea.

Unaikumbuka desturi yetu. Mtahiniwa haandiki jina, anaandika namba. Wasahihishaji wawili, mmoja wa kutoka nje, hawajui wanamsahihisha nani. Orodha ya majina hukaa ndani ya bahasha yenye lakiri, na hufunguliwa alama zikishatiwa saini. Tunajivunia mno jambo hili. Tunasema kwetu hakuna mtoto wa fulani. Mwaka ule aliyefungua bahasha na kunakili majina ni mimi, nikiwa na miezi mitatu tu kazini.

Ukaambiwa umeanguka, na sheria ya mtihani ule wa mwaka wa pili ilikuwa moja: aliyeanguka afungashe. Nakumbuka ulivyofika mezani kwa baba. Alisema bila hata kuweka uma chini, "Si nilikwambia? Kichwa chako ni cha kuvalia kofia tu." Jumatatu yake ukaingia kiwanda cha unga wa samaki, na vumbi la huko ndilo unalolikohoa leo.

Sasa Ragnhild ananiambia umemkataza kuomba nafasi hapa. Eti ulimwambia, "Sisi wa kwetu hatuna kichwa cha vitabu, mwanangu. Usijiaibishe." Nililia, Eilif. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miaka ishirini na minane.

Hukuanguka. Akina Sandvik mlikuwa wawili, mmefuatana kwenye orodha, namba arobaini na arobaini na moja. Nilipokuwa nanakili nilikosea nikawapishanisha: alama yako nikampa Hallvard, yake nikakupa wewe. Niligundua wiki sita baadaye, nilipokuwa nafunga karatasi zikachomwe, nikaona mwandiko wako chini ya alama ya juu kuliko zote darasani. Ningeweza kusema siku ile ile. Lakini Hallvard alikuwa ameshapongezwa mbele ya watu, nami nilikuwa msichana wa kwanza wa kozi yangu kuajiriwa ofisini. Niliogopa kufukuzwa. Hakuna sababu nyingine, usinitafutie.

Hallvard naye hakujua lolote mpaka asubuhi hii nilipomweleza. Aliuliza, "Yuko wapi sasa?" Nikamwambia uko kisiwani, unakohoa. Barua yangu ya kuacha kazi nimeiacha mezani kwake.

Siombi msamaha, maji yakimwagika hayazoleki. Naomba jambo moja tu. Mwisho wa maombi ya nafasi ni tarehe kumi na tano mwezi huu. Mwache Ragnhild aombe.

Karatasi zako nimezitia humu, sikuzichoma. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho, msahihishaji kutoka Oslo aliandika kwa penseli: "Huyu asituponyoke."

Nisalimie Ragnhild na mama yake. Pasaka hii sitakuja mpaka uniite.

Dada yako,
Torbjørg