Paja Langu na Tone la Kafeini

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa usingizi kaniita. Msichana tu, angekuwa mjukuu wangu, lakini hanyamazishwi. Jumatano ya wiki ijayo binti yangu, kitindamimba, anapasuliwa tezi la shingo. Kauliza kwetu nani aliwahi kusumbuliwa na dawa ya usingizi. Nikamtaja mdogo wangu. Mwaka juzi, kwenye upasuaji wa ngiri, mwili ulichemka, akakakamaa kama gogo, madaktari wakawa mbio huku na huku. Kidogo aende! Daktari akaweka kalamu chini.
Anataka kipande cha paja langu. Kasema kama damu ya mdogo wangu ina kasoro, inamfikia binti kupitia kwangu. Nikiwa salama mimi, naye salama.
Sawa. Paja hili limebeba magunia miaka arobaini, mawili kwa mkupuo. Waulize sokoni.

Jumanne, 5 Machi
Kanieleza mara tatu, eti mimi mbishi. Ndani ya msuli mna vighala vya kalsiamu. Mlango ukifunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unavuta. Ukifungwa, msuli unalegea. Wengine kitasa chao kibovu: wakivuta dawa ya usingizi, mlango wazi, haufungiki, mwili unawaka. Kafeini nayo husukuma mlango huohuo. Basi wanadondoshea nyama kafeini. Kitasa kizima hakitetereki kwa tone dogo.
Nikamwambia nanywa kahawa vikombe sita kwa siku tangu hajazaliwa. Kacheka: Mzee, ya kikombe ni maji matupu mbele ya hii.

Alhamisi, 7 Machi
Wamekata! Ganzi ya mguu tu, macho yangu kodo. Nikagoma kurudi wodini bila kuona. Kelele! Mwisho wakanisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi maabara.
Nyama yangu — uzi tu, unaning'inia ndani ya maji. Fundi wa maabara anachungulia kipimajoto: thelathini na saba, joto la mwili. Yakipoa, kasema, jibu linadanganya. Nikamwambia basi ayaangalie, aache soga. Binti, aliyekuja nami, akanifinya.
Maisha yote nimeuambia mguu huu: vuta! Leo nauomba uwe mvivu. Lala, paja, lala.
Tone la kwanza, dogo kabisa. Mstari wa mvuto wa msuli kwenye kioo cha mashine ukapanda — juu! Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikapayuka: Mnaona nguvu hizo!
Kisha binti akacheka, peke yake, mpaka machozi. Kasema, Baba, hata kwenye ugonjwa lazima ushinde?

Ijumaa, 8 Machi
Paja linauma. Simwambii mtu.
Binti hatapewa dawa ya usingizi ya kuvuta, atapewa ya mshipa. Na dawa ya kufunga mlango itakaa karibu. Nikauliza ilishamponya nani. Daktari kasema: Mdogo wako.

Jumatano, 13 Machi
Yuko ndani tangu saa tatu. Naandikia kwenye benchi nje ya mlango. Jirani zangu nimeshawahadithia magunia yote, mmoja kahama.
Nesi wa mlangoni nimemuuliza joto la binti mara nne. Thelathini na sita na nusu. Na nusu. Thelathini na saba kasoro. Thelathini na saba na nukta moja — nikasimama! Kasema, Babu, hiyo kawaida, keti, ukiuliza tena nakupima wewe.
Nimeketi. Nimenyamaza. Kwangu hilo si dogo.
Mlango wa ndani umefunguka. Daktari wangu, bado ana kofia. Anakuja huku. Anatembea — hakimbii. Hakimbii!