Sikushiba, Nilikuwa Mbali

Mama Velma na Velma,

Nimekwenda kazini Kipevu. Dengu nimeziloweka, zichemsheni mpaka zilainike kabisa. Mchicha ukatwe mdogo mdogo. Maji yangu nimebeba.

Velma mwanangu, asubuhi sikukasirika, nilinyamaza tu. Tangu nilipopasuliwa, tumbo langu limebaki dogo kama kikombe cha kahawa, na daktari ameniambia nile mboga na matunda polepole, la sivyo nitafunga choo tena kama wiki ile mliponisikia nikiguna chooni. Basi nilikuwa natafuna papai, macho dirishani, na utamu wake ukanichukua hadi shambani kwa mamangu Kaloleni. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya majani, naye mama ananiita nikale. Nilipotaka kuitika, "Naam, mama," nikasikia maji ya bombani. Ulikuwa umeshaosha sahani yangu.

"Nilidhani umeshiba, baba," ukasema.

Sikushiba, mwanangu. Nilikuwa mbali tu.

Zamani mimi ndiye niliyemaliza wa kwanza na kuomba nyongeza, nanyi mkinicheka. Siku hizi nikiinua kichwa naona viti vitupu.

Papai lililobaki lifunikeni, nzi wasilifikie.

~~Jioni kuleni, msiningoje.~~

Jioni ningojeni. Na mkimaliza kula, msiinuke. Nisimulieni chochote, hata umbea wa mtaani, mpaka nimeze kijiko cha mwisho.

Baba Velma