Tundu la Pampu ya Korbesa

Jumanne, 3 Julai 1984
Kabale amepanda lori ya Ado, amerudi kwao Korbesa. Mke wangu! Pampu ya kisima chao imepasuka, ng'ombe wanaanguka. Baba yake, mzee Umuro, amesema nikitengeneza nyingine atamrudisha. Wallahi nitatengeneza. Mimi si fundi wa kuyeyusha vyuma?

Alhamisi, 5 Julai
Nje ya pampu ni rahisi. Taabu ni ndani, ile njia ya maji imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Huwezi kuchonga tundu. Lazima uliunde tundu lenyewe kwa mchanga, aluminiamu ilizunguke, halafu uvunje mchanga utoke. Ado aliniachia ile pampu yao ya zamani iliyopasuka; nimeijaza plasta ya hospitali, ile ya kufungia mifupa, nikaipasua—umbo limetoka safi! Nimelinakili kwa mchanga na sukari nguru ya kuushikanisha. Jirani yangu Abiba amenichomea kwa tanuri yake ya mkate.
Anacheka, hii mkate ni ya nani?
Ya mke wangu, nikamwambia.

Jumapili, 15 Julai
Ado amerudi kutoka Korbesa kuwapelekea pampu yangu mpya, na habari ni mbaya. Pampu inazunguka, inapiga kelele, maji haipandi. Hata debe moja! Ng'ombe ya mama yake Kabale, ile nyekundu ya maziwa, imekufa hapo kando ya injini ya pampu. Kabale alijifunika uso na shuka tu. Ya Rabi, mimi nimeumia.

Jumatatu, 16 Julai
Nimejua. Punda mimi! Ile ya zamani imeliwa na mchanga miaka kumi, tundu lilishapanuka. Nimenakili tundu na ugonjwa wake. Pangaboi, ile feni ya kusukuma maji, inaelea tu mle ndani. Ningepima pangaboi kwanza!

Jumatano, 25 Julai
Nilikwangua plasta, nikaunda tundu jipya, nikamwaga upya. Leo nimejaribu kwa pipa. Maji yamepiga ukuta wa Abiba! Amenitukana, halafu akapiga vigelegele.
Halafu Ado akanipa barua ya mzee Umuro. Nyasi imekwisha, wanahama Jumamosi, Kabale pia. Pampu niitume, watakaobaki wanywe. Na nitume karatasi ya talaka, binti yake asibaki amefungwa kwangu.
Mzee hajui kuandika. Mwandiko ni wa Kabale. Nilimfundisha mimi, kwa meza hii.
Nimesoma mara tano. Hakuna mahali mkono ulitetemeka.
Pampu iko juu ya lori. Ado anapiga honi, anauliza kama kuna kitu kingine cha kupeleka. Ngoja, nimemwambia. Kalamu ninayo, karatasi ya talaka nitaichana humu humu daftarini—