Dalia za Mama

Chiloé, Machi

Mdogo wangu Edelmira,

Huku tunasukuma siku. Maharage yamekauka, maboga yamenona, ila kabichi zimeliwa na konokono.

Juzi Baba alichukua jembe akachimbe viazi. Akarudi na kikapu cha mizizi ya dalia, yale maua aliyopanda marehemu Mama, na mashina bado yana maua.

"Viazi vya mwaka huu vimekonda, dada," akaniambia. "Mpelekee mke wangu jikoni."

Nikaichemsha, tukala. Alipomaliza akajaza bakuli jingine, akalifunika.

"Hivi ni vya mke wangu, asije akatununia."

Bakuli lingali mezani, sithubutu kuliondoa. Njoo kabla ya baridi. Jina lako bado analitaja, langu limeshamtoka.

Dada yako,
Otilia