Uzi wa Bakari Umebana

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimemwogesha Bakari. Uzi wa kiunoni umebana tena. Nimeukata, nimemfunga mwingine mrefu zaidi. Mikono vijiti, tumbo ngoma. Dadake, marehemu Mwanasha, alianza hivihivi. Sikutaka kuliandika jina hilo.

Shangazi kasema ni bandama, atamwita fundi amchanje chale. Ni shangazi yangu na ni mamake mume wangu. Mdomo nitaufungulia wapi?

Alhamisi, 9 Machi
Tumevuka feri na mume wangu Hamisi kusikiliza majibu ya kipimo cha uboho hospitalini. Mwili wa Bakari umekosa kimeng'enya cha kusaga mafuta fulani, basi mafuta yanarundikana kwenye bandama na ini. Upungufu huo kaurithi kwetu sote wawili. Hamisi kaangalia sakafu. Binamu tuliooana, wazee wakafurahi.

Dawa ipo Ulaya. Kimeng'enya chenyewe hutiwa mshipani kila wiki mbili, maisha yote, na tumbo hunywea. Hapa haipo. Daktari ataomba. Mpaka ipatikane asianguke, asigongwe, wembe usimguse, maana damu yake haigandi upesi.

Wembe. Baada ya hapo sikusikia kitu.

Mwanasha alichanjwa asubuhi. Alasiri kanga zote zimelowa damu. Tulisema jini.

Ijumaa, 10 Machi
Nimetoka kisimani, nimemkuta fundi keshakaa. Wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Shangazi kampakata Bakari, keshamvua nguo. Nimemnyakua. Sijawahi kumpokonya shangazi kitu maishani. Nimesema yote ya daktari, mbele ya fundi. Fundi kaaga, kenda zake.

Shangazi kaokota nguo za Bakari, kanikabidhi.

"Na yule wa mwanzo, mwanangu?"

Yeye ndiye aliyempakata Mwanasha siku ile. Nilitaka kumwonea huruma, hasira ikatangulia.

Jumapili, 19 Machi
Nafua, nasikia kilio cha Mwanasha. Nakimbilia ndani. Bakari kalala. Mara tatu leo. Naogopa kufua.

Alhamisi, 6 Aprili
Ulaya hawajajibu. Daktari kasema tusikate tamaa. Sijui tamaa ipi. Uzi nimeurefusha tena.

Shangazi kakata kucha zake mpaka nyamani. Bangili kazivua. Akitaka kumbeba Bakari, hunyoosha mikono kwanza, nimkague. Namkagua, kisha nampa mtoto.