Waya Juu ya Matembe

Jumatatu, 4 Oktoba 1915

Mlingoti umeanguka tena. Mara ya tatu. Nilikaa na vyombo vya kusikilizia masikioni kabla jua halijachomoza, kama kila siku, nikasikia mchakacho mtupu, kisha kishindo nje. Sikuwa na haja ya kutoka kutazama.

Bwana Kipimo alitukana kwa Kijerumani, akamalizia kwa Kiswahili. Jina tumempa sisi, maana hata uji wake anaupima. Ndiye mkuu wa simu ya upepo hapa Dodoma. Kazi yetu ni moja tu: kunasa habari zinazotumwa angani kutoka Ulaya, kwa kuwa waya wa baharini ulikatwa na Waingereza vita vilipoanza. Huu ni mwezi wetu wa tatu kazini. Hatujanasa hata neno.

Jumatano, 6 Oktoba

Barua ya wakubwa. Mwisho wa mwezi. Tusiponasa kitu, kituo kifungwe na watu wake wote waandikwe wapagazi wa jeshi. Wote, pamoja na karani. Karani ni mimi.

Naogopa. Kwetu Kondoa wamechukuliwa wengi kubeba mizigo. Namjua mmoja aliyerudi, naye hatembei.

Ijumaa, 8 Oktoba

Bwana Kipimo anataka mlingoti mrefu zaidi. Kitabu chake kinasema antena iwe juu, na ikishindwa, iwe juu zaidi. Kitabu hakijawahi kukutana na upepo wa Dodoma. Wala udongo wake: waya wa ardhini tumeuzika, tumeumwagia mapipa ya maji, nchi ikanywa na kutaka tena. Nikamwambia labda shida si urefu. Akaniambia karani kazi yake kuandika.

Haya, naandika.

Jumatatu, 11 Oktoba

Leo kituko. Waya mpya umefika, mrefu ajabu, ukafunguliwa wote. Huu ukiviringwa mara ya pili unakatika. Nguzo bado zinaungwa, na ng'ombe wanapita hapo kwenda majini. Nikamwomba Mzee Chilowa auweke mahali kwato hazifiki. Yeye ni Mgogo wa Nzuguni, msimamizi wa wasimika nguzo, watu kumi na wanane. Nikaenda stesheni.

Kurudi, waya upo juu ya matembe. Tembe hadi tembe, panapokosekana nyumba wamechomeka miti yenye panda, umenyooka kaskazini kuelekea Haneti mpaka macho yakachoka. Bila shaka. Kwa Mgogo kitu cha kuepusha na ng'ombe huwekwa juu ya paa bapa la tembe: kimea, ungo, vibuyu. Na waya wa Kaisari pia.

Bwana Kipimo alipoona akawa mwekundu. Kesho ushushwe.

Jumanne, 12 Oktoba



Alfajiri, kwa hasira tu, nikasema potelea mbali, nikaunganisha ncha ya ule waya na mashine. Mchakacho ukapungua. Nyuma yake, hafifu lakini safi, milio mirefu na mifupi. Nikaandika herufi. Zikawa maneno. Kijerumani!

Nikakimbia kumwita Bwana. Akavaa buti zote mbili, akafunga vifungo vyote. Alipofika jua limepanda, sauti imekwenda. Akasema nimeota. Waya uko karibu na ardhi kuliko kichwa chake, utasikiaje Ulaya? Saa tatu ukashushwa. Nilitaka kulia mbele za watu.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mlingoti umesimama. Nguzo tano. Bwana amepigwa picha chini yake.

Mchakacho.

Jumanne, 19 Oktoba

Idi ya kuchinja. Nimeswali, nimerudi kwenye mchakacho. Siku kumi na mbili zimebaki. Nyama nimewaachia wengine.

Nimefikiri sana. Mlingoti husikia kila upande, na radi za dunia nzima huingia humo. Waya uliolala husikia kule unakoelekea tu, na ule ulielekea kaskazini, iliko Ulaya. Na udongo wetu mkavu, tunaoulaani, huenda ndio unaousaidia. Nimechora. Nimeandika faida zake zote chini ya mchoro, kwa Kijerumani changu cha shule. Nikampelekea Bwana. Akaifutia kalamu karatasi yangu, akaisukumia kando ya meza.

Mjinga huyu. Nimeandika.

Alhamisi, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Chilowa. Nikamweleza kila kitu: nilichosikia, barua ya wakubwa, mwisho wa mwezi. Nikamwambia pia tukikamatwa ni viboko hamsa ishirini, ishirini na tano kwa kila mmoja. Akanisikiliza huku akichonga mpini.

"Mwanangu," akasema, "hao 'wote' wa kwenye barua, si na sisi tumo?"

Jioni waya ulirudi juu ya matembe, ukapita Ipagala, mrefu kuliko mwanzo. Wenye nyumba hawakuuliza. Wamemwamini yeye.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nilimwamsha Bwana kabla ya adhana. Nikamvalisha vyombo masikioni mimi mwenyewe, kama mtoto kofia. Akafungua mdomo kunitukana. Akaufunga. Akachukua kalamu. Kurasa mbili!

Kituo hakifungwi. Alhamdulillahi. Wagogo wamepika pombe, wameimba mpaka vumbi likapanda. Pombe sikunywa. Kucheza nimecheza.

Jumatano, 27 Oktoba

Bwana Kipimo amewaandikia wakubwa. Mchoro wangu, umenakiliwa kwa wino mzuri, mishale ile ile, faida zile zile. Chini yake jina lake. Bahasha nimeipeleka posta kwa mkono wangu. Njiani nilisimama mara mbili nikitaka kuichana. Sikuichana.

Ameniita karani mwaminifu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 1 Novemba

Majibu. Pongezi kwa Bwana. Karani abaki.

Na kwa kuwa antena hii mpya haihitaji nguzo wala watu wa kuzisimika, wasimika nguzo wapelekwe jeshini kubeba mizigo.

Maneno hayo ni yangu. "Haihitaji nguzo wala watu wa kuzisimika." Faida ya tatu chini ya mchoro. Niliyaandika siku ya Idi, nikiona nimesema kitu cha akili. Bwana aliyanakili bila kubadili hata nukta.

Nilimwambia Bwana waya wa juu ya matembe nao unahitaji watu wa kuutunza. Akasema huo utatunzwa na wenye nyumba. Nikaamriwa kuandika orodha. Nimeandika majina kumi na manane. La kwanza Chilowa. Nilijaribu kusema ni mzee, hafai. Bwana akamtazama mikono akasema anafaa. Wameondoka kwa treni ya mchana. Mzee alinipungia mkono dirishani. Sijui kama anajua. Sikumwambia.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimesikia vizuri leo, kurasa tatu. Wingu limeanza kukusanyika.

Baada ya swala nimekwenda kukagua waya. Nzuguni nimemkuta mke wa Mzee Chilowa yuko juu ya paa anaanika kimea. Alikuwa ameacha nafasi kila upande wa waya, asiuguse. Tukasalimiana kwa Kigogo: mbukwenyi, mbukwenyi. Akaniuliza waya huu unasikia mpaka wapi. Nikasema mpaka Ulaya. Akaniuliza kama na Moshi iko njiani, maana ndiko walikopelekwa.

Nikasema Moshi haisikiki.

Akasema sawa. Akanionyesha mti mmoja wenye panda, akisema jana ng'ombe walijisugua hapo ukainama, na yeye ameusimamisha tena.