Mwanzi Mgumu wa Baba

Malindi

Kaka Swafwan,

Shikamoo. Huku sote wazima, na paka wako amezaa tena juu ya kabati la Mama. Nakuandikia kwa kuwa nikikupigia simu Baba husogea karibu asikilize.

Juzi nilikwambia umletee mwanzi wa kuvulia wenye nguvu ya kati, na nilikuwa na sababu. Ule mwepesi, kolekole mmoja tu, kwa nguvu za samaki yule, angeuvunja. Ule mgumu hauoneshi changu anapodonoa chambo, na changu ndio samaki wa pale jetini Baba anapovulia siku nyingi. Wa kati ungemfaa kwa wote. Baba akakataa katakata: "Mgumu! Mimi si mtoto." Nikamwona mbishi.

Jana nilimpelekea chai jetini. Alikuwa ameazima mwanzi wa kati wa jirani yetu Abubakr. Mkono wake wa kulia siku hizi watetemeka, kaka, hatukukwambia. Ncha ya mwanzi ikawa yachezacheza, na wenzake wakapiga kelele, "Vuta, mzee, amekula!" Akavuta. Hapakuwa na kitu. Akavuta tena, hapana kitu. Mwishowe akawaambia samaki amemponyoka, akanywa chai yake akiwa amewapa mgongo.

Ncha ya mwanzi mgumu haitikisiki kwa mtetemeko wa mkono.

Basi mletee mgumu, mgumu kupita yote dukani. Changu wa kitoweo nitawanunua mimi sokoni, na nitaingia nao kwa mlango wa nyuma.

Dadako mdogo,
Nahla